YAH: Ombi la Kuanzishwa kwa Kada ya Wabebaji wa Umma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Jengo la Ghorofa Tatu, Lifti Hamna,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Watumiaji wa viti mwendo wanakupongeza kwa marumaru mpya zinazong'aa hadi kwenye ngazi. Wamezisifia sana, wakiwa chini.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 unaijua. Nakala yake iko ghorofa ya pili, jirani na dawati la watu wenye ulemavu.

Kwa kuwa njia ya mteremko imeshindikana (kwa kipimo kilichozoeleka cha 1 kwa 12, ngazi tatu za mlangoni zenye kimo cha sentimita 15 kila moja zinadai mita 5.4 tu za zege, si mbali na urefu wa gari lako), wananchi hao wanaomba ianzishwe kada. Mbebaji Daraja la Pili aajiriwe kwa cheti cha kidato cha nne na mgongo usiouma. Daraja la Kwanza ahudumie ghorofa ya tatu. Mapokezi pawekwe mizani. Mteja apimwe, ajaze fomu nakala tatu, abandike picha ya pasipoti, achague mgongoni au mzobemzobe, apewe risiti ya EFD. Kiti chake kilipiwe kama mzigo. Semina ya mwaka ifanyike Morogoro, kwa posho, mada ikiwa kumbeba mteja huku unatabasamu. Atakayeangushwa apeleke malalamiko ghorofa ya tatu.

Mengine ni madogo. Choo chenye alama ya kiti mwendo kitolewe ndoo na madekio. Sanduku la maoni lishushwe. Swali la "umekuja na nani?" lifutwe, mtu mzima amekuja na shida yake.

Maana kada yenyewe ipo tayari, ila haina cheo: ni mlinzi na kijana wa bodaboda aliyeitwa kutoka nje. Wanamwinua mama wa watu, mmoja kwapani, mwingine mapajani, khanga inamvuka, foleni nzima inakodoa macho. Kisa, muhuri. Muhuri! Kitu cha kutia mfukoni, ambacho karani angeshuka nacho kabla chai yake haijapoa, kama angemhesabu huyo mama kuwa mtu.

Tuyaache hayo, lugha ya kiofisi izingatiwe. Wala hulaumiwi peke yako. Kule Tennessee, Marekani, ingawa sheria yao ilikuwepo tangu 1990, George Lane, mtumiaji wa kiti mwendo, aliitwa kwenye mahakama isiyo na lifti, kesi ikiwa juu. Akapanda ngazi akitambaa. Alipoitwa tena akakataa kutambaa, akakataa na kubebwa. Akakamatwa kwa kosa la kutofika mahakamani, naye yumo ndani ya jengo! Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba watu kama yeye wanaweza kuishtaki serikali ya jimbo. Wewe hujamkamata mtu, na hilo limeandikwa kwenye shukrani.

Barua hii imepandishwa na mlinzi. Majibu yakiwa tayari, yashushwe.

Nakala: Fundi ujenzi yeyote.