Jinsi ya Kujenga Mfumo wa Umma Usiofunguka: Mwongozo kwa Mkandarasi Aliyepata Kazi Garissa

Hongera kwa zabuni. Umepewa kazi ya kuhamishia huduma mtandaoni: leseni za biashara, maombi ya basari, ushuru wa soko la mifugo, vyote viingie kwenye simu ya mwananchi kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Wewe ni mzoefu, hivyo hutapoteza muda kumwaza mwananchi. Unamwaza mgeni rasmi, ambaye siku ya uzinduzi atabonyeza kitufe kimoja mbele ya kamera na lazima kitu kiwake.

Kuna kero moja tu, nayo ni viwango. Tangu 1999 shirika la W3C, linalotunga kanuni za wavuti duniani, limekuwa likitoa mwongozo uitwao WCAG. Unaeleza namna ya kujenga tovuti na programu ili mtu asiyeona, kiziwi, au mtu ambaye mikono yake haimtii, azitumie mwenyewe bila kuomba msaada. Toleo la 2.0 lilitoka 2008 na miaka minne baadaye likapewa namba ya ISO. La 2.1 likafuata 2018, na la 2.2 Oktoba 2023, lina vigezo 86. Ulaya wakaingiza vigezo vya toleo la 2.1 katika kiwango chao, EN 301 549.

Ungeweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu, ila mwaka 2022 shirika letu la viwango, KEBS, lilikuja na KS 2952, kwa msukumo mkubwa wa shirika la inABLE, na kiwango hicho kikapokewa kama cha kwanza cha aina yake Afrika. Ongeza Ibara ya 54 ya Katiba, mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Umezingirwa pande zote. Usijali. Wenzako walizingirwa vivyo hivyo na hundi zao zilitoka.

Tuanze na rangi, maana hapo Mungu mwenyewe amekusaidia. Jua la Garissa linajulikana hadi Nairobi. Ndilo lililofanya serikali ijenge hapa mtambo wa umeme wa megawati 54.6, uliozinduliwa Desemba 2019. Jua hilohilo lifanyie kazi mfumo wako. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Wewe chagua kijivu chenye namba #AAAAAA juu ya nyeupe. Uwiano wake ni 2.3 tu, na kwenye ofisi yenye kiyoyozi kule Westlands kinapendeza kweli. Ukitaka ufundi zaidi, tumia #777777. Hicho hutoa 4.48, yaani umefeli kwa sehemu mbili za mia, na mkaguzi ataona haya kukuandika.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haibagui. Nenda soko la ngamia saa sita mchana umtazame dalali mwenye macho mazima anavyosoma fomu yako: anageuza mgongo kwa jua, anavuta shali kichwani mpaka simu iingie gizani, anakunja uso, halafu anampa kijana aliye karibu. "Warya, hebu nisomee hapa pameandikwa nini." Kama huyo ameshindwa, mama mwenye mtoto wa jicho hana haja hata ya kutoa simu mkobani.

Sasa vitufe. Kwa mtu asiyeona, simu huzungumza: Android ina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, na kwenye kompyuta kuna NVDA ambayo ni ya bure. Programu hizi husoma kila kilichopo kwenye skrini, mradi wewe umekipa jina. Kukipa jina ni mstari mmoja wa msimbo, ndiyo maana usiandike. Chora tu picha ya bahasha, picha ya nyumba, picha ya mshale. Mtumiaji atapitisha kidole asikie: kitufe, kitufe, kitufe, picha, kitufe. Akibahatisha kimoja, kiwe ndicho cha kufuta maombi. Usiitambulishe pia lugha ya ukurasa, ili Kiswahili chako kisomwe na sauti ya Kiingereza. Basari itatamkwa kwa namna ambayo mwombaji atadhani ameingia tovuti ya ubalozi.

Matangazo yote yawe PDF, na PDF iwe picha. Chapisha barua, ipige muhuri, iweke kwenye skana ikiwa imepinda kidogo, ipakie. Muhuri unaonekana, heshima ya ofisi imelindwa, na hakuna kisoma-skrini duniani kitakachotoa neno humo bila kuhangaika.

Lakini silaha yako kuu ni kidole. Sisitiza kwamba kila mtu atambuliwe kwa alama za vidole, na kwamba hakuna njia nyingine. Kiwango cha Ulaya kimetenga kifungu kizima, 5.3, kukataza jambo hilo: ukitumia kiungo cha mwili kumtambua mtu, kiungo kimoja kisiwe ndiyo njia pekee. Waandishi wake ni kama walikuwa wamekaa kwenye foleni zetu. Yuko mzee aliyevuta kamba za visima tangu utotoni mpaka ngozi ya vidole ikalainika. Yuko mjenzi ambaye saruji imemfuta alama zote. Yuko aliyezaliwa bila vidole, na yuko aliyevipoteza. Mashine itawaambia wote kitu kimoja: jaribu tena. Karani naye atawaambia waoshe mikono. Ajabu ya mkoa huu ni kwamba hata mwenye vidole kumi safi hana amani navyo. Wakati wa ukame, maelfu ya Wakenya wa Garissa waliingia kwenye orodha za wakimbizi za kambi za Dadaab kwa ajili ya chakula na matibabu, wengine wakiwa watoto. Walipofika umri wa kitambulisho, kidole kiliwachongea kwamba wao ni wakimbizi. Kwa hiyo usidanganywe na wanaosema teknolojia haijafika huku. Ilifika zamani, na watu walikaa miaka bila kitambulisho wakisubiri iwaachilie.

Tukirudi kwenye mfumo wako, uwekee saa. Dakika tano za kujaza fomu zinatosha. Zikipita, mtoe mtu nje na ufute kila alichoandika, kimyakimya. Moja ya njia ambazo WCAG inazikubali ni kumwonya kabla muda haujaisha, kumpa angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi, na kumruhusu kuomba hivyo angalau mara kumi. Mara kumi! Mtu anayeandika kwa kidole kimoja kinachotetemeka angemaliza fomu kweli. Zaidi ya hayo, minara ya simu huku imewahi kulipuliwa mara nyingi, kuanzia Garissa hadi Mandera, na mtandao ukipotea katikati ya ukurasa wa nne kati ya sita, lawama haitakufikia. Utasema ni usalama.

Viziwi washughulikie kwa video. Tengeneza video nzuri ya mafunzo, yenye muziki na sauti nzito ya mtangazaji, bila manukuu wala mkalimani wa lugha ya alama. Wakikuuliza, sema huku kaskazini hakuna wataalamu wa alama. Ila usilitamke hilo ukiwa Wajir. Shule ya kwanza ya viziwi katika ardhi ya Wasomali ng'ambo ya mpaka, ile ya Borama, ilifunguliwa 1997 na kiziwi aliyesoma Wajir, na alama zilizotoka Kenya ndizo zilizozaa Lugha ya Alama ya Kisomali. Sisi ndio tuliouza nje, na bado video ya kaunti inabwabwaja bila mkono hata mmoja kuinuka.

Ukibanwa sana, nunua kibandiko. Zipo kampuni za nje zinazouza mstari mmoja wa msimbo unaoweka alama ya kiti cha magurudumu kwenye kona ya tovuti, na kuahidi kwamba akili mnemba itanyoosha kila kitu kwa usiku mmoja. Mmoja wa wauzaji hao, accessiBe, aliagizwa na tume ya biashara ya Marekani mwaka 2025 kulipa dola milioni moja kwa sababu ahadi hiyo haikuwa kweli. Hilo lisikusumbue. Alama inang'aa, na mgeni rasmi atapigwa picha nayo.

Usimwalike mtu mwenye ulemavu kwenye majaribio. Hili nalisisitiza kuliko yote. Asiyeona mmoja, akiwa na simu yake ya kawaida na nusu saa, atakuonyesha makosa ambayo semina ya siku tatu hotelini haitayaona, na mengi yatarekebishika kabla ya chai ya saa nne. Utatetea vipi bajeti ya awamu ya pili? Mwalike siku ya uzinduzi. Apewe kofia na fulana, akae mstari wa mbele.

Usiogope kwamba watu hawa watakosa huduma. Watapata, kwa sababu kuna saiba. Hapo ndipo mfumo wako utakapofanya kazi kweli, katika kibanda chenye kompyuta nne na feni moja, watu wamejaa hadi mlangoni. Mzee asiyeona ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti.

"Adeer, paswadi yako?" anauliza kijana wa kibanda.

"Nije nikwambie sikioni."

"Feni ina kelele, adeer. Sema tu."

Naye anasema. Jina la ngamia wake na mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Mlangoni wote wamesikia. Kisha namba ya kitambulisho, kisha msimbo uliotumwa kwenye simu, ambayo kijana anaichukua mwenyewe mfukoni mwa mzee kwa sababu ndiyo haraka. Shilingi mia moja. Kijana ni mwaminifu, namjua. Siku akihama, daftari lake la paswadi za wazee litabaki kwenye droo.

Mwisho, malalamiko. Sheria inataka pawe na mahali pa kuyapeleka, kwa hiyo weka fomu, nayo mtandaoni. Kabla ya kuituma, mlalamikaji athibitishe kwamba yeye ni binadamu: apewe picha tisa na kuambiwa achague zote zenye bomba la zimamoto la barabarani. Kwa asiyeona, kazi imeishia hapo. Kwa anayeona, itamchukua muda kidogo zaidi, maana Garissa maji ya kuzima moto huja na lori, na bomba la aina hiyo hajawahi kuliona popote ila kwenye sinema.