Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Nyamira Kuhusu Vidimbwi Vilivyoachwa

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nyamira,

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua meza yako ina mafaili mengi, na wako wanaostahili kusikilizwa kabla yangu. Nimeichagua njia hii kwa sababu jambo lenyewe linawagusa watu wengi kuliko wanaoweza kuketi ofisini mwako, nami ningependa majirani zangu walisome pamoja nawe.

KUH: VIDIMBWI VYA SAMAKI, MBU WA MABONDENI, NA MATOKEO YA UTAFITI

Kwa idhini yako, Mheshimiwa, naanza na utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Kisii, mwendo usiofika saa mbili kwa matatu kutoka hapa Kebirigo. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Annabel Howard na François Omlin pamoja na mwenzao Guofa Zhou, walichukua vidimbwi vichache vilivyokuwa vimeachwa na wenyewe katika iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati. Baadhi wakavitia tilapia, samaki yuleyule tunayemla, na kingine wakakiacha bila samaki ili walinganishe. Kisha wakawa wanachota maji na kuhesabu viluwiluwi vya mbu. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya Anopheles gambiae na Anopheles funestus, mbu wawili kati ya wanaoeneza malaria katika nchi yetu, vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 kwenye vidimbwi vyenye samaki. Mahali ambapo samaki hawakutiwa, mbu waliongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la BMC Public Health.

Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa maana lina uzito kuliko linavyoonekana. Samaki wale hawakuletwa kutoka ng'ambo wala hawakuhitaji dawa, mashine au umeme. Mkulima anawafuga ili ale na auze, nao wakiwa majini wanakula viluwiluwi bila kuagizwa na mtu. Sijui njia nyingine ya kupambana na malaria inayomwachia mama wa nyumbani kitoweo.

Mwaka uliofuata, 2008, Howard na Omlin walitoa utafiti wa pili kutoka kulekule Kisii, na huu, Mheshimiwa, ndio ulionifanya nikuandikie. Walitaka kujua kinachotokea mkulima anapokata tamaa na kuacha ufugaji wa samaki. Waliona kwamba kidimbwi kilichoachwa huota magugu, samaki huisha, na mbu wa malaria huongezeka kuliko kwenye kidimbwi kinachotunzwa. Walipowauliza wakulima kwa nini wameacha, walijibiwa kwamba vifaranga vya samaki havipatikani na hakuna mtaalamu wa kuwashauri. Kwa maneno mengine, kidimbwi kinachochimbwa bila mpango wa kukitunza ni hatari kuliko shamba ambalo halikuchimbwa kabisa.

Na mwaka 2009 ulipofika, Serikali ya Kitaifa, kwa nia njema kabisa ya kuinua uchumi na lishe, ilianzisha mpango wa vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 yaliyoteuliwa nchini. Eneo letu la Gusii halikuachwa. Vijana walilipwa kuchimba, wazee wakatoa kipande cha bonde, vifaranga vya kwanza vikaletwa kwa shangwe. Mpango ulikuwa na manufaa yake na sitaki kuudharau: wako wakulima waliosomesha watoto kwa samaki, na watoto wengi walionja samaki nyumbani kwa mara ya kwanza. Lakini ufadhili ulipopungua, vifaranga vikawa adimu, chakula cha samaki kikapanda bei, na vidimbwi vingi vikaachwa. Leo ukishuka mabondeni utaviona: mashimo ya mstatili yenye maji ya kijani, matete pembezoni, wala hakuna samaki hata mmoja.

Matokeo ya utafiti ule wa pili yalikuwa yamechapishwa mwaka mmoja tu kabla ya vidimbwi hivyo kuchimbwa. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, katika majarida ambayo afisa wa samaki wa kata hana namna ya kuyapata, na ambayo mkulima wa Kebirigo hajawahi kuyasikia. Simlaumu yeyote. Nasema tu kwamba maarifa tuliyoyahitaji yalikuwa karibu nasi kabisa, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuyavusha hadi huku.

Mheshimiwa, huenda ukauliza kwa nini watu wa milimani wahangaike na mbu kiasi hiki. Malaria ya kwetu ina tabia yake. Ndugu zetu wa kando ya ziwa huishi nayo mwaka mzima, na mtoto akivuka miaka yake ya kwanza, mwili wake huwa umejifunza kuikabili kwa kiasi. Sisi hatuna kinga hiyo. Miaka mingi hutupitia kidogo kidogo, kisha unakuja mwaka wa mvua nyingi na joto, inatuangusha wakubwa kwa wadogo. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikarudi 1999, na mwaka 2002 Kisii ya Kati, Gucha, Kericho na Nandi zote zikapata mlipuko. Ndiyo sababu Wizara ya Afya inaziweka Kisii na Nyamira katika ukanda wa nyanda za juu zenye hatari ya milipuko. Chanjo ya malaria nayo ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, ilianzia kaunti za ukanda wa ziwa na jirani zake wa magharibi, kwa haki kabisa kwa kuwa huko ndiko mzigo ulikokuwa mkubwa. Nyamira haikuwemo. Kwa hiyo ulinzi wetu mkubwa ni vyandarua, matibabu ya mapema, na namna tunavyoyatunza mabonde.

Kuhusu joto, kwa ruhusa yako, naomba niseme kidogo, maana ni kisa cha wanasayansi kubishana kwa uungwana kuhusu milima yetu. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko la hali ya hewa linaloweza kueleza kurudi kwa malaria katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo ya sehemu walizozichunguza. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizichambua upya takwimu za maeneo yaleyale, wakaona joto limepanda. Ubishi ukaendelea. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirudi kwenye vipimo vya mashamba ya chai ya Kericho vya kuanzia 1979 hadi 2009, wakavikagua upya, wakaonyesha kwamba joto lilikuwa likiongezeka kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Kericho ni jirani yetu wa kugusana mipaka, na mche wa chai wa kule hauna tofauti na wetu.

Mtu atasema nyuzi 0.2 ni kitu gani. Kimelea cha malaria kikiingia mwilini mwa mbu kinahitaji joto ili kikomae. Kwenye nyuzi 18 kinachukua karibu wiki nane, na mbu wengi hufa kabla hakijakomaa. Kwenye nyuzi 22 kinachukua chini ya wiki tatu. Baridi yetu ya asubuhi, ile inayomfanya mchuma chai avae makoti mawili, imekuwa ikitulinda miaka yote bila sisi kuishukuru. Inapopungua hata kidogo, kila dimbwi la maji yaliyosimama linakuwa na madhara kuliko lilivyokuwa enzi za babu zetu.

Na sisi wenyewe tunaiongezea nguvu hali hiyo. Kule Kabale, Uganda, Kim Lindblade na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyopakana na vinamasi vyenye mafunjo. Kakamega nako, Yaw Afrane, Andrew Githeko na Guiyun Yan walikuta kwamba palipokatwa msitu nyumba zina joto zaidi, na kimelea hukomaa ndani ya mbu siku moja hivi mapema. Lakini pia kuna habari ya faraja kutoka kwa watafiti waliofanya kazi katika nyanda hizi za juu za magharibi: Anopheles gambiae hupenda maji yaliyo wazi, yanayopigwa na jua. Maji yakitiwa kivuli kwa nepia, viluwiluwi hupungua sana. Nepia, Mheshimiwa! Majani yaleyale tunayomkatia ng'ombe wa maziwa kila jioni.

Tukitaja yanayopandwa mabondeni, suala la mikaratusi najua ni chungu, na tangu marehemu Waziri John Michuki aagize mwaka 2009 ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, limezua maneno mengi. Mkulima anaipanda kwa kuwa inamlipa na kuni zina soko. Sitaliingiza hapa zaidi ya kusema kwamba anayeombwa kuing'oa anastahili kuonyeshwa atapanda nini badala yake, na nepia na samaki ni majibu mawili ambayo tayari yamepimwa dhidi ya mbu.

Sasa niyatoe maombi yangu kwa unyenyekevu wote. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za afya, kilimo pamoja na uvuvi, na utekelezaji wa sera za mazingira. Hii ina maana kwamba idara tatu zinazohusika na kidimbwi kimoja cha bondeni zote ziko chini ya mkono wako. Hakuna ofisi nyingine, hata Nairobi, yenye nafasi kama yako ya kuziketisha pamoja. Afisa wa samaki akikiona kidimbwi kilichoachwa anaona mradi uliokufa. Afisa wa afya ya umma anaona mazalia ya mbu, na wa mazingira anaona ardhi oevu iliyovurugwa. Wote watatu wako sahihi, na kila mmoja anasubiri mwingine aanze.

Nakuomba uagize vidimbwi vyote vya kaunti vihesabiwe, vinavyotunzwa na vilivyoachwa. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba na wanazijua njia zote za mabondeni. Wakipewa fomu ya ukurasa mmoja na posho ya haki, kazi hiyo itaisha haraka. Mwenye kidimbwi anayetaka kuendelea asaidiwe apate vifaranga na atembelewe na mtaalamu, maana hayo mawili ndiyo waliyoyataja wakulima wa Kisii walipoulizwa. Aliyechoka asishurutishwe, asaidiwe kukifukia, au kupanda nepia kukizunguka. Vivyo hivyo yafukiwe mashimo ya udongo wa matofali yanayosimamisha maji, ambayo watu huyasahau mara tu matofali yanapouzwa.

Nawiwa kusema pia mipaka ya ninachokiomba. Utafiti wa kwanza wa Kisii ulihesabu viluwiluwi kwenye vidimbwi vichache, haukuhesabu wagonjwa hospitalini. Samaki hawawezi kuchukua nafasi ya chandarua wala ya dawa. Na tilapia abaki kidimbwini, asimwagwe mitoni: tunajua jinsi tilapia wa kigeni walioletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 walivyochangia kumfukuza ngege wa asili. Mito yetu inaelekea ziwa hilohilo. Kwa hiyo ningefurahi sana kama kaunti ingewaalika watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI, ICIPE na vyuo vikuu waje wapime hapa Nyamira, kabla na baada, mbu na wagonjwa pia.

Wakija, nina ombi moja la mwisho kwa heshima kubwa. Mtafiti hupata leseni yake kwa tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, kabla hajaanza kazi. Kaunti nayo imtake, akimaliza, arudi kwenye baraza la chifu na kuwaeleza watu kwa Ekegusii au Kiswahili aliyoyakuta majini mwao na katika damu ya watoto wao. Makanisani kuna nafasi ya matangazo kila Sabato na kila Jumapili, na kwenye vituo vya kununulia majani chai watu hukaa saa nzima wakisubiri lori. Mahali pa kusemea hapakosekani. Watu wetu wametoa damu vidoleni, wamefungua nyumba zao usiku mbu wakamatwe, wamejibu maswali marefu siku za kazi. Wana haki ya kuambiwa majibu.

Mheshimiwa, mvua ndefu huanza Machi, na milipuko ya malaria milimani kwa kawaida hufuata kati ya Mei na Julai. Tafadhali, kwa mamlaka uliyopewa na kwa upendo ulio nao kwa watu wa Nyamira, agiza vidimbwi vihesabiwe kabla ya Machi.

Wako mtiifu,
Mkulima wa majani chai,
Kebirigo