Mashahidi wa Sumu: Ainisho la Awali

Wataalamu wanaotafuta alama za sumu ya viuatilifu mwilini huzipanga kwa mahali zinapopatikana: za damu, za mkojo, za mafuta. Mpangilio huo una heshima yake, ila haumwambii mtu shahidi yupi aaminiwe. Makala haya yanapendekeza mfumo mwingine, wa kuwapanga mashahidi kwa tabia zao. Kielelezo ni mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, mwenye bomba la mgongoni, ndoo, kijiti cha kukorogea dawa na shati moja la kazi.

Kundi la kwanza: Wapiga kelele. Hawa ni mboni za macho zilizosinyaa mithili ya ncha ya sindano, mate, jasho, machozi, kuharisha na misuli inayochezacheza. Chanzo chao kinajulikana. Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti hukishika kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Kikishikwa, ujumbe hauzimwi, na kila tezi inaendelea kutii amri iliyokwisha muda wake. Kasoro ya kundi hili ni kwamba husema kwa sauti wakati ambapo hata mpita njia ameshaona. Likisema kwa upole, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, hudhaniwa malaria, na mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya ugonjwa mwingine.

Kundi la pili: Wakweli wenye masharti. Humu wamo ndugu wawili. Mkubwa ni kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu, anayefanana sana na yule wa kwenye neva. Mdogo ni wa plazma, anayetengenezwa na ini. Kwa njia iliyochapishwa na Ellman na wenzake mwaka 1961, damu huchanganywa na kemikali inayogeuka njano: kimeng'enya kikiwa na nguvu rangi hukolea upesi, kikiwa kimeshikwa hujivuta. Mdogo ana udhaifu wa kitabia. Hushuka kwa sababu ya maradhi ya ini, mimba au lishe duni, na wapo watu waliozaliwa naye kidogo bila kugusa bomba maishani.

Sharti la wote wawili ni moja: waulizwe mara mbili. Viwango vya watu wazima wenye afya vimetawanyika sana, kiasi kwamba aliyeanzia juu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kimeng'enya chake na bado cheti kikasoma “kawaida”. Ndiyo maana California, inayopima wapiga dawa wa kuajiriwa tangu mwaka 1974, huanza kwa kuchukua damu mtu akiwa hajakaribia sumu. Kiwango kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha awali, utendaji kazi hukaguliwa. Cha chembe nyekundu kikifika asilimia 70, au cha plazma asilimia 60, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa mpaka vyote virudi 80.

Kundi la tatu: Wapita njia. Ni mabaki yanayotoka kwa mkojo. Klopairifosi, kiuatilifu cha jamii ya organofosfeti, huacha kipande kinachopungua kwa nusu kila baada ya siku moja hivi. Mabaki ya pareto za viwandani huondoka kwa saa. Wana macho makali mno, huona hata kiasi kisichomdhuru mtu, lakini chupa ya mkojo ikichelewa wiki moja hukuta wameshaondoka. Tena kipande kilekile cha klopairifosi huweza kuwa kimeshavunjikia kwenye mboga kabla ya kuliwa. Hapo shahidi anathibitisha kwamba mtu amekula chakula cha jioni.

Kundi la nne: Wasiosahau. DDT na mtoto wake DDE hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, na maziwa ya mama huwapitisha kwa kizazi kinachofuata. Hawa ni wazee wa baraza: wanakumbuka yote, isipokuwa ni lini.

Kundi la tano: Mashahidi wa kesi nyingine. Mkulima wetu huchanganya dawa ya wadudu na ya ukungu katika bomba moja, apige mara moja, amalize. Dawa ya ukungu mara nyingi ni mankozebu, na mankozebu haigusi kolinesterasi hata kidogo. Mwite shahidi wa kundi la pili kuhusu mankozebu, naye atatoa ushahidi safi, wa kweli, usiohusika. Viuatilifu vya jamii ya kabameti ni balaa zaidi: hukishika kimeng'enya na kukiachia baada ya saa chache, hata ndani ya kichupa cha damu kikiwa njiani kwenda maabara. Kichupa kinafika kimeshapona.

Kundi la sita: Wa nyumbani. Fasihi ya kitaalamu imewapuuza. Kuna shati linalonuka hata baada ya kufuliwa, na kuna glasi ya maziwa anayoagiza mpiga dawa akirudi shambani. Maziwa hayarudishi kimeng'enya kilichoshikwa, lakini kama alama ni ya thamani: anayeyaagiza anajua fika kwamba kuna kitu kimemwingia. Juu ya wote yupo mke, anayemwambia, “Baba Neema, leo macho yako siyo, na ugali hujaumaliza.”

Uchunguzi wa kundi hili unaleta tatizo la kinadharia. Kasoro kuu ya kundi la pili ni kukosa kipimo cha awali, kwa kuwa hakuna aliyemtoa damu mkulima kiangazi, kabla ya msimu, akiwa mzima. Zahanati hazina foleni ya watu wazima wasioumwa, na mkulima anayejiajiri hana mwajiri wa kulazimishwa kumpima. Mke anacho kipimo hicho. Anajua mumewe hula kiasi gani, hulala vipi na hucheka saa ngapi, na amekusanya takwimu hizo kila siku bila ruzuku.

Basi, mpaka siku damu ya mpiga dawa itakapochukuliwa kabla hajafungua chupa ya kwanza ya msimu, ainisho hili linalazimika kumweka Mama Neema juu ya maabara. Sababu ni za kimetodolojia tu.