Daftari la Mangi: Utangulizi wa Daftarolojia

Mwanafunzi mpendwa, kaa vizuri, zima simu. Somo unaloanza leo ndilo lililoshikilia ustaarabu usianguke. Ukilielewa, hutakwenda tena dukani ukarudi na chumvi peke yake.

Fasili ya kwanza: mfumo wa taarifa ni mpangilio wa watu, vifaa na taratibu unaokusanya data, kuzihifadhi, kuzichakata na kumfikishia mwamuzi zikiwa na maana. Fasili ya pili: daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, ni kaunta buku la kwaya mbili, lenye jalada lililolowa mafuta ya kula, linalokaa kati ya mzani na ndoo ya maharage, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isikopwe. Fasili ya tatu: vitu vilivyotajwa katika fasili ya kwanza na ya pili ni kitu kimoja. Taaluma inayothibitisha jambo hili naiita Daftarolojia.

1. Ngazi za uamuzi

Mwaka 1965 Robert Anthony wa Harvard aligawa kazi za uongozi katika ngazi tatu: mipango ya kimkakati, udhibiti wa kiuongozi na udhibiti wa shughuli za kila siku. Katika mashirika makubwa kila ngazi ina ghorofa yake. Kwa Mangi ngazi zote tatu zimevaa kandambili. Kuamua kama aanze kuuza mitungi ya gesi ni mkakati. Kuamua nani asikopeshwe tena mpaka mwisho wa mwezi ni udhibiti wa kiuongozi. Kumfukuza paka aliyelala juu ya gunia la mchele ni udhibiti wa shughuli. Nimemshuhudia akitekeleza yote matatu ndani ya dakika moja, bila kikao na bila posho.

2. Aina za uamuzi

Mwaka 1971 Gorry na Scott Morton wa MIT walizioanisha ngazi za Anthony na mawazo ya Herbert Simon, wakapata aina tatu za uamuzi. Majina yao yalikuwa mepesi mno. Nimeyarekebisha.

(a) Uamuzi-mnyoofu. Kanuni yake inajulikana. Mtoto analeta noti ya elfu moja, anataka robo ya sukari. Mangi anapima, anafunga, anarudisha chenji.

(b) Uamuzi-nusumnyoofu. Upande mmoja ni hesabu, upande wa pili ni utu. Mama Asha anadaiwa 12,400, naye amemtuma mwanawe: "Mama amesema unipe mkate, uandike." Daftari linatoa tarakimu. Halisemi kwamba mshahara wa baba Asha umechelewa.

(c) Uamuzi-mpindo. Huu hauna kanuni. Mdaiwa anapita mbele ya duka akiwa na mfuko uliojaa vitu vya duka la ng'ambo ya barabara, na anasalimia kwa bashasha, "Mangi, za leo?" Mangi anajibu, "Nzuri," anafungua daftari na kupiga mstari mwekundu chini ya jina fulani. Mstari huo, mwanafunzi, ndio mfumo-saidizi wa uamuzi katika umbo lake safi kabisa.

3. Ufunguo wa utambulisho

Kila hifadhidata huhitaji ufunguo, yaani alama isiyojirudia inayomtenga mtu na mwenzake. Wahandisi hutumia namba. Mangi hutumia elimu ya juu zaidi, na funguo zake nimeziainisha katika jamii nne.

Kwanza, ufunguo-uzazi: Mama Asha, Baba Kelvin. Kasoro yake ni kwamba mtaa wetu una Mama Junior watatu. Mangi alitatua tatizo hili kwa kuandika Mama Junior Mweupe, Mama Junior wa Tanga na Mama Junior Mwenyewe.

Pili, ufunguo-makazi: Mpangaji wa Uani, Geti Jeusi. Kasoro yake ni rangi. Geti Jeusi limepakwa kijani tangu Pasaka, ila deni halijabadilika.

Tatu, ufunguo-kazi: Boda wa Kona, Fundi Bomba.

Nne, ufunguo-tabia, ulio adimu. Nimeupata mara mbili tu. Kesho Kutwa, anayedaiwa 9,000, jina lake limetokana na ahadi zake mwenyewe. Wa pili ni Mzee wa Makaratasi. Siku nilipoanza utafiti alikuwa anadaiwa soda mbili na maandazi matatu, jumla 2,300. Nimemtafuta mtu huyu mtaani wiki tatu nimhoji, sijampata. Nilipomuuliza Mangi, alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mzee wangu, utamwona tu."

4. Hatua za uamuzi

Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, alifundisha kwamba uamuzi una hatua tatu: kupeleleza, kubuni na kuchagua. Alifundisha pia kwamba akili, muda na taarifa za mwamuzi vina mipaka, hivyo mwamuzi haendi mpaka kwenye kilicho bora kuliko vyote. Akifika kwenye kinachotosha, anasimama hapo.

Turudi kwa Mama Asha. Kupeleleza: Mangi analowesha kidole, anafunua kurasa, anashuka na tarakimu kwa ukucha. Anamchungulia mtoto kupitia wavu: sare imefuliwa, macho yameganda kwenye mkate. Kubuni: ampe, amnyime, au aseme mikate imeisha, ilhali sita imepangwa nyuma ya kisogo chake. Kuchagua: anachukua kisu, anakata mkate katikati, anaandika "nusu mkate".

Nusu mkate! Naomba usipite hapa kwa haraka. Nadharia nzima ya Simon ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, na mtoto akaondoka nayo akiila pembeni.

5. Mafuriko ya taarifa

Mwaka 1967 Russell Ackoff aliandika kwamba kinachowatesa zaidi viongozi ni wingi wa taarifa zisizowahusu kuliko uhaba wa zile wanazozihitaji. Ushahidi ninao. Mpwa wa Mangi, kijana wa chuo, alimwekea mjomba wake programu ya madeni kwenye simu. Ilichora duara, ilichora nguzo, na kila saa ililia kwamba viberiti vinakaribia kwisha. Siku ya tatu nilimkuta Mangi amerudi kwenye kaunta buku.

"Hii inaniambia nani anadaiwa," alisema. "Hao nawajua. Mimi nataka nani atalipa."

Kauli hii naitangaza kuwa Kanuni Kuu ya Daftarolojia. Uthibitisho wake uko kwenye karatasi yenyewe. Ukurasa wa Mama Asha umejaa mistari ya kukata madeni yaliyolipwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka kalamu imetoboa upande wa pili. Ukurasa wa Kesho Kutwa ni msafi kama shuka la mgeni. Mangi hasomi jumla iliyo chini, anapapasa matundu. Ndiyo maana Mama Asha alipata nusu mkate, na Kesho Kutwa, jioni ileile, aliambiwa hata viberiti hakuna.

6. Zoezi

Nenda kwenye duka la mtaani kwenu. Bainisha ngazi tatu, aina tatu na funguo nne. Usiiguse kalamu. Usimhoji mwenye duka saa ya foleni ya mafuta ya taa. Na chochote utakachokula katika utafiti, lipa taslimu, ili usichafue data.

Mimi naendelea na kazi ya uwandani. Nimekaa juu ya kreti la soda pembeni ya wavu; nakunywa ninachokunywa, Mangi anaandika anachoandika. Mzee wa Makaratasi bado hajaonekana. Mpaka ninapomaliza sura hii, deni lake limefika shilingi 7,100.