Gari la Bluu Ndani ya Yai

Mayai yalikuwa 30, trei nzima, na yalikuwa na kazi yake. Jumamosi ile wageni walikuwa wanakuja kumposa mdogo wangu, na Bibi (ndivyo nyumba nzima inavyomwita mama yangu, mimi nikiwemo) alikwisha kuapa kuwa hakuna mkwe atakayekanyaga Chumbageni kwake akapewa biskuti za dukani. Utapikwa mkate wa mayai, na ataupika mwenyewe.

Alipomaliza kuswali adhuhuri akaingia jikoni. Nyuma ya mlango alikuwepo mwanangu Sudi, miaka minne, ameikalia mbuzi ya kukunia nazi. Anachukua yai, analigonga kwenye meno ya mbuzi, analipasua kwa vidole gumba, anachungulia ndani, anasema "Waaau!" kwa sauti ya puani ambayo hakuna mtu wa Tanga aliyemfundisha, kisha anamimina kilichomo kwenye sufuria ya mchele ulioloweshwa. Maganda kayapanga mstari sakafuni. Yalikuwa yamebaki mawili.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?"

"Gari, Bibi. La bluu."

Bibi hakumpiga. Alirudi ukumbini, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Mke wangu aliumua unga wa kaimati kwa kasi ambayo sijapata kuiona tangu tuoane. Wageni wakala, wakasifu, posa ikapokelewa. Hayo ya posa yana siku yake. Baada ya isha, Bibi aliitisha baraza.

Mshtakiwa alikuwa amelala. Ushahidi ulikuwa simu ya mama yake, ikaegemezwa kwenye mto, tukaambiwa tutazame kila alichotazama mtoto wiki ile, bila kuruka. Hilo la kutoruka ndilo lililotutesa. Mzazi anayepita ukumbini na kikapu cha nguo huona rangi, husikia wimbo, akasema moyoni ni katuni tu, akaenda zake uani. Sisi tulikaa.

Ya kwanza ilikuwa mikono. Haina uso, haina jina, mikono tu yenye kucha za waridi, inabandua yai la chokoleti na kutoa kidude cha plastiki. Mayai ya aina hiyo yalianza kuuzwa Italia mwaka 1974, na ya asili Marekani hayaruhusiwi, kwa kuwa sheria ya chakula ya mwaka 1938 inakataza kuficha kisicholiwa ndani ya kinacholiwa. Mdogo wangu alisema Wamarekani wana akili. Bibi hakucheka. Alikuwa anangoja kitu.

"Inaisha lini hii?"

Likapasuliwa la njano, likapasuliwa la kijani. Video ikakoma, nyingine ikaanza bila mtu kuigusa simu.

"Nimeuliza, inaisha lini?"

Haikuwa na mwisho wa kumwonyesha. Akasema yeye akimwambia mtoto paukwa, sungura ataponea chupuchupu, fisi ataaibika, hadithi itakwisha na mtoto atalala. Huyu wa kucha hana fisi wala sungura, hana anakokwenda. Ndiyo maana Sudi akinyang'anywa simu hulia kilio cha kukatwa kitu katikati: hata angeachiwa mpaka alfajiri, bado angekuwa katikati. Nimesoma mengi kuhusu watoto na skrini, pamoja na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaosema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Swali la Bibi sikulikuta humo.

Ya pili ilizua mtafaruku. Alitokea nguruwe wa katuni ya Kiingereza, mwenye gauni jekundu, na Bibi akataka azimwe papo hapo. Mke wangu akamtetea: nguruwe mwenyewe ana adabu, anaishi na baba na mama yake, na kisa chake kina mwisho. Wa kuogopwa ni wa kughushi. Mwaka 2017 ilibainika kuwa watu walikuwa wakitengeneza katuni bandia za nguruwe yuyo huyo akiteswa kwa daktari wa meno, wakazipa majina na picha za juu zinazofanana na za kweli, na mashine ikazipanga pamoja. Bibi akasema, basi mmesaidia hoja yangu, nguruwe wote watoke.

Mke wangu hakukata tamaa. Akaeleza kuwa mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa sababu ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu Januari 2020 mwenye chaneli lazima atamke kama video yake ni ya watoto. Ikiwa ni ya watoto, maoni hufungwa na matangazo hayamfuati mtoto kwa yale aliyoyatazama.

"Anayetamka ni nani?"

"Mwenye chaneli, Bibi. Na mashine nayo huangalia."

"Yaani muuza samaki ndiye anayeniambia samaki hajaoza."

Ubongo Kids, katuni ya Kitanzania ya hesabu iliyoanza 2014, ilipita bila kupingwa. Alipita pia yule Akili, msichana mdogo wa chini ya Mlima Kilimanjaro, japokuwa Bibi alitaka kwanza kujua kama anaamkia wakubwa, na bando likaisha kabla hatujapata jibu. Hukumu ikatolewa gizani, maana umeme nao ulikatika: kitazamwe chenye mwisho, mtu mzima akitazame kwanza mpaka huo mwisho, na kikiisha simu izimwe kabla haijajichagulia kingine.

Utekelezaji niliachiwa mimi. Nikaweka programu ya watoto, ile ambayo mzazi huchagua mwenyewe chaneli moja moja na kufunga zilizobaki. Kuingia kwenye mipangilio sharti ujibu hesabu ya kuzidisha, kitasa cha kumzuia mtoto. Jioni ya pili mayai yamerudi. Sudi hajui saba mara nane. Nasra, dada yake wa darasa la tano, anaijua tangu zamani, tena alijifunza kwa nyimbo za katuni ile ile tuliyoipitisha, na mdogo wake alikuwa akimlipa kwa kaimati.

Nikabadilisha kitasa, nikaweka tarakimu nne: mwaka aliozaliwa Bibi. Humo ndani hakuna mwingine aujuaye, na kitambulisho chake hukaa sandukuni, chini ya kanga.

Magharibi nikamkuta Nasra kibarazani, kajiinamia mapajani kwa Bibi, anasukwa. "Bibi," anasema, "hebu nihadithie ulivyozaliwa. Ilikuwa mwaka gani?"

Na Bibi, kwa furaha ya mtu aliyepata msikilizaji, akaanza na mwaka.