Jinsi ya Kuvua Samaki na Mwanao Hapa Gatitu

Kabla ya kutafuta ndoana, tafuta sufuria. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na bado kuna akina cucu, yaani nyanya zetu, ambao ukiwaingizia tilapia jikoni watakuuliza huyo nyoka umemtoa wapi. Sufuria ya samaki basi iwe moja, iwe kuukuu, ilale nje. Ukishaipata, nusu ya kazi imekwisha.

Halafu usimwambie mtoto kwamba unamrithisha mila ya mababu. Guka wake, yaani babu, alivuka mto Chania maisha yake yote bila kutupa mshipi. Hata trauti ni mgeni: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Uskoti, trauti akatiwa mto Gura, na maji baridi ya milima ya Nyandarua yakamkubali. Enzi ya ukoloni, kumvua kulikuwa starehe ya walowezi. Kwa hiyo mila hii mnaianza ninyi wawili, na sijui zawadi nzuri kuliko hiyo. Trauti wa mtoni anataka leseni, piteni ofisi ya uvuvi kwanza. Lakini kwa mtoto wa miaka tisa, kidimbwi cha jirani kinatosha.

Vidimbwi vya samaki vilienea mwaka 2009, serikali iliposaidia wakulima kuchimba vya mita za mraba 300, kila kimoja na vifaranga 1,000. Vingi vimekauka, vingine sasa ni nduma. Mtafute jirani ambaye chake kina maji, mwombe kwa adabu, mpelekee kilo ya sukari.

Usimwamshe mtoto alfajiri. Tilapia hupenda joto, na asubuhi ya Julai yenye ukungu hafungui mdomo. Nendeni saa tano, jua likishapiga maji. Muda huo wa kungoja ni wa kuchimba minyoo kwenye samadi, nyuma ya boma la ng'ombe. Achimbe yeye. Chelezo kateni kwenye ndara iliyokatika.

Sasa kazi ngumu: kukalia mikono yako. Tilapia hamezi kwa pupa. Chelezo hutikisika mara mbili, hutulia, kisha huenda upande kama kinavutwa na uzi. Mtoto atavuta mapema na samaki atakwenda. Atavuta mapema tena. Usimpokonye ufito, usimwambie "nilikuambia". Akimpata, mwonyeshe kumshika kutoka kichwani kurudi nyuma, miba ya mgongoni ilale, isimchome.

Na mkikaa, kaeni bega kwa bega, wote mkitazama maji. Mwaka jana, macho yake yakiwa kwenye chelezo, mwanangu aliniambia, "Baba, nikisoma kwa sauti darasani wananicheka." Mezani ningeuliza ni nani hao, na angefunga mdomo kama tilapia wa Julai. Pale nilikuwa nimeshika mkebe wa minyoo. Nikanyamaza. Chelezo kikatikisika, kikatulia, naye akaendelea mwenyewe: herufi gani humshinda, nani huanza kucheka, nani hukataa kucheka. Tulizungumza mpaka kivuli cha migomba kikafika majini. Tangu siku hiyo tunasoma pamoja jioni, kwa sauti, mimi ukurasa na yeye ukurasa. Huo ndio uvuvi ninaousema, na mzazi yeyote wa hapa anauweza kwa ufito, mshipi na Jumamosi moja.

Samaki mkaangieni nje, chumvi na limau basi. Wetu walikuwa wawili, wa kiganja. Cucu alikataa kuonja, na hajaonja mpaka leo. Lakini alivuta kigoda karibu na jiko, akachukua sahani ya mjukuu aliyebeba jina la guka, akaanza kuchambua miba kwa vidole vyake, mmoja mmoja, akiiweka kwenye jani la ndizi.

"Mume wangu," akamwambia, "kula polepole."