Bia ya Shemeji na Mbu wa Mang'ula

Shemeji yangu ana imani zake kuhusu mbu, na hajazaliwa daktari wa kumtoa huko. Ya kwanza ni kwamba mbu wa bara hana makali ya mbu wa Pwani. Ya pili ni kwamba damu yenye bia mbu haigusi, na akijisahau akaionja, analewa na kuanguka chali. Hii ya pili ndiyo anayoishikilia zaidi, maana dawa yake inauzwa kila kona na haihitaji cheti.

Kwa hiyo tulipopanga kwenda kulala kwenye mahema Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, yeye alifungasha kreti na dada yangu akafungasha duka la dawa. Dada ni mtu wa kusoma yale maandishi madogo ya mgongoni mwa chupa. Alibeba dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1946, akabeba soksi ndefu na mashati ya mikono mirefu ya kutosha ukoo mzima. Mpwa wangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na kwa hiyo anajua kila kitu, alikuja na programu ya simu inayotoa mlio ambao eti binadamu hausikii ila mbu anaukimbia. Kweli hatukuusikia. Nusu ya ahadi hiyo ilitimia.

Ukiiacha barabara kuu pale Mikumi ukashika njia ya Ifakara, mandhari ni mazuri, ila yanatisha kidogo kwa anayejua anachokitazama. Miwa huku, mpunga kule, maji yametuama katikati ya bonde. Si ajabu kwamba Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo utafiti wake wa mbu unajulikana duniani, iko bonde hilo hilo. Nikamweleza shemeji kuwa kule kuna wataalamu wanaofuga mbu makusudi, wanawalisha na kuwatunza ili wawachunguze.

"Ndiyo maana hawaishi," akasema.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa pale pale Mang'ula. Siku nzima alivaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na soksi, kwenye joto ambalo lilimfanya mpwa atembee na bukta. Mpwa akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kuwa wapo mbu wa usiku wanaoleta malaria na wapo wa mchana, wale wenye madoa meupe miguuni, wanaoleta homa ya dengi, na yeye hajui wa zamu ipi atakutana naye kichakani. Mpwa akaongeza sauti ya programu yake isiyosikika.

Tulipanda kwenda kutazama maporomoko ya Sanje, tukarudi jioni na viatu ambavyo sitavielezea. Hapo dada akaamuru kila mtu aoshe miguu kwa sabuni kabla giza halijaingia. Alikuwa na sababu. Miaka ya 1990 mtafiti Mholanzi, Bart Knols, na mwenzake walikuwa wakitaka kujua mbu hupenda kuuma wapi mwilini, wakakaa bila nguo, mbu wakaachiwa, nao wakawa wanahesabu. Mbu wa malaria wa kwetu Afrika wakaenda moja kwa moja miguuni. Kumbe wanafuata harufu ya bakteria wa vidoleni, ambao ni ndugu na wale wanaotumika kutengeneza jibini moja la Ulaya linalonuka vibaya, linaitwa Limburger. Mbu wakapewa na hilo jibini, wakalipenda. Mwaka 2006 Knols na mwenzake wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha.

Shemeji alisikiliza yote hayo akiwa hajavua viatu. Alichokisikia ni kwamba kuna mtu alikaa uchi akaumwa na mbu na akapewa tuzo.

Kisha likaja suala la dawa ya kupaka. Shemeji alikataa, dada akampaka kwa nguvu paji la uso, masikio na shingo, kama anavyopakwa mtoto mafuta asubuhi ya shule. Bahati mbaya ile miwani yake ya jua ya plastiki ilikuwa bado imekaa kichwani. Dada akaishika kwa vidole vyenye dawa, akaitelemsha, akaivua. Alama za vidole zikabaki kwenye vioo na hazikufutika, kwa sababu DEET huyeyusha baadhi ya plastiki. Chupa imeandika hivyo. Imeandika pia kwamba kwenye ngozi, ukifuata maelekezo, haina neno. Lakini shemeji alikuwa ameshainua miwani juu kama wakili mwenye kielelezo.

"Kitu kinachoyeyusha miwani ndicho mnataka kikae usoni kwangu?"

Hata mwongozaji alinyamaza. Shemeji akaenda kunawa, akafungua bia.

Wakati wa kulala akataka kuwasha dawa ya mbu ya moshi ndani ya hema. Mwongozaji akaichukua mkononi mwake kwa adabu zote, akamwambia hema ni nailoni na halina dirisha la maana. "Lala tu, mzee. Funga zipu. Zipu ikifungwa, humu hamna mbu."

Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa, na ungetosha, kama si ile kreti. Bia ikiingia lazima itoke. Mimi na mpwa tulikuwa hema la pili na tulisikia kila kitu: zipu, ndala, kimya, kofi, kofi jingine, ndala, zipu. Halafu sauti ya dada: "Baba watoto, umefunga?"

"Nimefunga."

Baada ya muda, kofi la ndani ya hema.

"Umefunga mpaka mwisho?"

Mazungumzo haya yalirudiwa usiku kucha kila bia ilipodai kutoka. Mpwa alilala fofofo huku simu yake ikiwalilia mbu, mpaka chaji ikaisha. Hatukuona tofauti.

Asubuhi nikampelekea shemeji habari ya utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010. Watu walikunywa dolo, pombe ya mtama ya kule, na mbu wa malaria wakavutwa nao zaidi kuliko walivyovutwa kabla hawajanywa. Akasoma mpaka mwisho huku anajikuna.

"Hiyo ni pombe ya mtama," akasema. "Mimi nakunywa ya shayiri."

Uso wake ulikuwa salama, hauna kipele hata kimoja. Masalia ya dawa ya dada yalikuwa yamefanya kazi. Mbu walikuwa wamempata mahali ambapo dada hakupaka na ambapo mtu hulazimika kupaacha wazi akiwa amechutama gizani. Kwenye basi la kurudi alisimama kuanzia Mang'ula.

"Mzee, kaa, siti zipo," konda akamwambia.

"Niko sawa tu."

Konda akamkatia tiketi. Shemeji akaitazama, akataka apunguziwe, kwa kuwa amesimama. Konda akasema nauli ya kusimama na ya kukaa ni moja. Walibishana mpaka Mikumi.